Bloodhound, mbwa wa kunusa: sifa zake, matunzo yake, na kama anafaa Kasulu na Kibondo

Mbuzi wakiibwa kijijini usiku, asubuhi hakosekani mtu wa kuuliza: kwa nini na sisi tusipate wale mbwa wanaofuata harufu ya mwizi hadi mlangoni kwake? Makala haya yanamweleza mbwa maarufu kuliko wote kwa kazi hiyo, anayeitwa bloodhound. Yanaeleza alivyo, anavyotunzwa, na yatakayomkuta akiletwa huku kwetu. Mengi ya matunzo yake yanamhusu pia mbwa wa kienyeji aliyelala uani kwako sasa hivi.

Ni mbwa wa namna gani

Asili yake ni Ubelgiji. Huko anaitwa mbwa wa Mtakatifu Hubert, kwa jina la nyumba ya watawa ya Saint-Hubert iliyojulikana kwa mbwa wa kuwinda kwa kunusa. Ni mbwa mkubwa. Dume aliyekomaa hufikia kilo 50 hivi, na kimo chake begani huwa kati ya sentimita 60 na 70. Masikio yake ni marefu na yananing'inia, ngozi ya uso imelegea na kujikunja, macho yamezama, na mate humtoka muda wote.

Sifa yake kubwa ni pua. Chembe za kunusia ndani ya pua yake hukadiriwa kufika milioni 300, wakati binadamu ana milioni 5 au 6. Kila mtu anapotembea hudondosha vipande vidogo sana vya ngozi na jasho, na harufu hiyo hubaki kwenye majani na udongo. Bloodhound akinusishwa nguo ya mtu, anaweza kuifuata harufu ya mtu huyo peke yake hata kama wengine wamepita njia hiyo hiyo. Harufu hukaa vizuri zaidi asubuhi na mapema, penye umande na kivuli. Jua kali na upepo huipunguza.

Kwa tabia ni mpole. Akimfikia anayetafutwa, mara nyingi humlamba tu, kwa hiyo usimfuge ukitegemea awe mlinzi mkali. Akiwa kwenye harufu ni mkaidi, haisikii sauti ya mwenyewe wala hatazami gari barabarani. Ndiyo maana hufanya kazi akiwa amefungwa kamba ndefu iliyoshikwa na mtu aliyemzoea.

Wapo wapi karibu nasi

Ng'ambo ya mpaka, katika Kivu Kaskazini, Hifadhi ya Virunga ilianzisha kikosi cha bloodhound pale Rumangabo mwaka 2011. Kazi yao ilikuwa kuwasaidia askari kufuata majangili. Kenya nao wametumika eneo la Mara kwa kazi hiyo. Hapa nchini Jeshi la Polisi lina Kikosi cha Mbwa na Farasi, lakini usidhani kila mbwa wa polisi ni bloodhound. Aina nyingine, kama German Shepherd, nazo hufundishwa kunusa.

Angalia jambo moja kwenye vikosi vya namna hiyo: mbwa ana mtu wake wa kumshika, ana banda, ana chakula cha uhakika na ana daktari wa mifugo. Pua peke yake haikamati mwizi.

Matunzo yake

Maji na kivuli. Mbwa hana jasho kama sisi, anajipoza kwa kuhema mdomo wazi. Akihema sana hanusi vizuri. Maji safi yawepo wakati wote, na mazoezi yafanyike asubuhi au jioni.

Masikio. Sikio linaloning'inia halipiti hewa, hivyo hushika unyevu na kuoza. Lifunue kila wiki, lifute kwa kitambaa safi chenye unyevu, kisha likaushe. Likinuka, likitoa usaha, au mbwa akitikisa kichwa kila mara, mwite mtaalamu.

Macho na mikunjo ya uso. Kope zake za chini zimelegea, kwa hiyo vumbi huingia kwa urahisi. Wakati wa kiangazi vumbi letu jekundu halimwonei huruma. Osha kwa maji safi na ukaushe kwenye mikunjo.

Chakula. Ugali mtupu haumtoshi mbwa yeyote. Changanya na dagaa, maharage yaliyoiva vizuri, au mabaki ya nyama. Dagaa waoshwe kwanza kutoa mchanga na chumvi. Mifupa ya kuku iliyopikwa usimpe, huvunjika kama sindano na kumchoma utumbo.

Tumbo. Mbwa wakubwa wenye kifua kirefu kama huyu hupata ugonjwa wa tumbo kujaa gesi na kujisokota. Tumbo huwa gumu kama ngoma, naye hujaribu kutapika bila kutoa kitu. Hufa ndani ya saa chache asipotibiwa. Kinga ni kugawa chakula mara 2 au 3 kwa siku, na kumpumzisha kwa saa moja au zaidi baada ya kula.

Hatari za huku kwetu

Ya kwanza ni mbung'o. Kasulu na Kibondo zipo juu, zaidi ya mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, lakini mapori ya miombo na yale ya kuelekea Moyowosi yana mbung'o. Mdudu huyu huleta nagana kwa mifugo na malale kwa watu, na mbwa naye haponi. Dalili ni homa, kukonda, ufizi kuwa mweupe, uso kuvimba, na jicho kufanya ukungu kama maziwa. Watu wengi hudhani mbwa huyo amepigwa jicho au amezeeka. Mpeleke haraka kwa mtaalamu wa mifugo. Usimchome mwenyewe dawa ya ng'ombe kwa kukisia, kwa sababu kipimo hufuata uzito na kikizidi kinaua.

Ya pili ni kupe. Mkague kila anapotoka porini: ndani ya masikio, kwapani na katikati ya vidole. Kupe huambukiza homa inayomaliza damu.

Ya tatu, na kubwa kuliko zote kwa familia yako, ni kichaa cha mbwa. Chanjo ya kwanza hutolewa mbwa akifika miezi 3, kisha hurudiwa kila mwaka. Tunza kadi yake. Mtu aking'atwa, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, halafu aende hospitali siku hiyo hiyo, hata kama jeraha ni dogo. Dalili zikishaanza, karibu hakuna anayepona. Tarehe 28 Septemba ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, na kampeni nyingi za chanjo hufanyika kuelekea siku hiyo. Muulize ofisa mifugo wa kata yako.

Mpe pia dawa ya minyoo kila baada ya miezi 3, hasa kama nyumbani kuna watoto wanaocheza chini.

Je, umlete?

Jiulize maswali manne kabla ya kutoa pesa. Nani atatembea naye kila siku? Atakula nini mwezi wa Januari, chakula kinapopungua ndani? Mtaalamu wa mifugo yuko umbali gani? Na nani atamfundisha tangu akiwa mtoto, maana pua isiyofundishwa itafuata harufu ya paa badala ya mwizi? Kama majibu hayapo, mbwa huyo atakufa kabla hajakamata mtu.

Mbwa wa kienyeji naye ana pua nzuri, amezoea jua letu, na gharama yake ni ndogo. Ila naye anahitaji chanjo, maji, chakula na kukaguliwa kupe. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inamdai mwenye mnyama amtunze, awe wa kigeni au wa hapa. Na ukienda naye porini kumbuka kuwa kuwinda bila kibali ni kosa.

Ukiibiwa, usiruhusu watu wakanyage zizini. Kitu alichoangusha mwizi usikishike kwa mkono. Kifunike, zuia watu wasipite, toa taarifa kwa mwenyekiti wa kijiji na polisi. Mbwa wa kunusa akiletwa, atakuta harufu bado ipo.