WENYE JINA MOJA: AKINA DIONISIO NA VITABU VYAO KATIKA HISTORIA YA KANISA

Utangulizi

Katika kila usharika wetu wamo akina Yohana kadhaa, na akina Petro wasiopungua hao. Mzee wa kanisa akiita "Yohana!" baada ya ibada, hageuki mtu mmoja. Ndiyo maana twawatenganisha wajina hao kwa jina la baba, kwa mtaa wanakotoka au kwa kazi wanazozifanya. Lakini katika maktaba jambo hili ni gumu zaidi, maana mwandishi aliyekufa miaka mingi iliyopita hawezi kugeuka na kusema, "Siye mimi unayeniita."

Makala haya yanakusudia kulichunguza jina moja tu, yaani Dionisio, na vitabu mbalimbali vilivyoandikwa kwa jina hilo. Tumelichagua kwa kuwa sisi wenyewe tuliwahi kujikwaa hapo. Katika miaka ya kwanza ya uchungaji wetu tulihubiri juu ya Matendo ya Mitume sura ya 17, tukawaambia Wakristo kwamba Dionisio yule aliyeamini kule Athene aliacha vitabu vikubwa juu ya malaika na juu ya majina ya Mungu. Baada ya ibada mzee mmoja alituuliza kwa upole: ikiwa mtu huyo alimjua Paulo na kuandika vitabu, mbona Kanisa la kwanza halikuvitaja? Hatukuwa na jibu. Baadaye tuligundua kwamba swali lake lilikuwa limekwisha kuulizwa kabla yake, karibu miaka elfu moja na mia tano iliyopita.

1. Akina Dionisio wa kale

Dionisio wa kwanza ni yule wa Mdo. 17:34, mtu wa baraza la Areopago. Luka anamtaja kwa jina, pamoja na mwanamke aitwaye Damari, kisha hasemi neno zaidi. Hakuna kitabu chake chochote kinachojulikana kwa hakika.

Wa pili ni Dionisio, askofu wa Korintho, yapata mwaka 170. Eusebio, katika Historia ya Kanisa, ataja barua zake kwa makanisa mengi: Sparta, Athene, Nikomedia, Krete, Roma na kwingineko. Katika barua yake kwa Waathene alikumbusha kwamba yule wa Areopago alikuwa askofu wao wa kwanza. Askofu huyu pia alilalamika kwamba watu waovu walizichezea barua zake, wakiondoa maneno mengine na kutia mengine. Mapema hivyo mwandishi aliona jina lake likibebeshwa maneno asiyoyasema.

Wa tatu ni Dionisio wa Aleksandria, mwanafunzi wa Origene, aliyekuwa askofu kuanzia mwaka 247 hivi hadi mwaka 264 hivi. Huyu astahili kukaliwa zaidi. Katika wilaya ya Arsinoe kule Misri mafundisho ya askofu Nepo, aliyekwisha kufariki, juu ya ufalme wa miaka elfu yalikuwa yameleta mafarakano. Dionisio hakuwatenga watu hao kutoka mbali. Alikwenda kwao, akawaita wazee na walimu wa vijiji, akaketi nao siku tatu mfululizo tangu asubuhi hadi jioni wakikichunguza kitabu cha Nepo, hata kiongozi wao Korakioni akakubali kuyaacha mafundisho hayo. Kisha akaandika kitabu Juu ya Ahadi, na humo alikichunguza Kitabu cha Ufunuo.

Hoja yake ilikuwa hii: Yohana aliyeandika Ufunuo siye aliyeandika Injili na Waraka wa Kwanza. Alipima mambo matatu. Mwandishi wa Ufunuo hujitaja jina mara kwa mara, hali yule wa Injili hajitaji kamwe. Mawazo na maneno ya Injili na Waraka hufanana, ila yale ya Ufunuo ni mbali nayo. Tena Kigiriki cha Injili ni safi, bali cha Ufunuo kina makosa ya sarufi. Akaongeza kwamba waamini wengi huwaita watoto wao Paulo na Petro, na vivyo hivyo wengi waliitwa Yohana kwa kumpenda mtume. Tena ilisemwa kwamba kule Efeso kulikuwa na makaburi mawili, yote yakiitwa ya Yohana.

Tuangalie jambo moja. Dionisio hakukitupa Kitabu cha Ufunuo. Alikiri kwamba kiliandikwa na mtu mtakatifu aliyevuviwa na Mungu, ila ni Yohana mwingine. Alitenganisha swali la nani aliandika na swali la kama Mungu anasema humo.

Pamoja na hao alikuwako Dionisio wa Roma, aliyeandikiana na mjina wake wa Aleksandria juu ya Utatu Mtakatifu. Akaja pia Dionisio Mdogo, mtawa aliyeishi Roma, ambaye mwaka 525, alipotengeneza jedwali la sikukuu za Pasaka, alianza kuhesabu miaka tangu kuzaliwa kwa Kristo. Kila tunapoandika tarehe katika kitabu cha ubatizo twaitumia kazi yake.

2. Mtu asiyejulikana

Mwanzoni mwa karne ya 6 vilitokea vitabu vya Kigiriki ambavyo Kanisa lilikuwa halijavisikia: Majina ya Mungu, Theolojia ya Siri, Daraja za Mbinguni, Daraja za Kanisa, na barua kumi. Mwandishi alijiita Dionisio. Alimwandikia Timotheo kama mzee mwenzake, akadai kwamba aliliona jua likitiwa giza wakati wa kusulibiwa kwa Bwana, na barua yake ya kumi aliielekeza kwa Yohana, mfungwa wa Patmo.

Yapata mwaka 532, katika mazungumzo yaliyofanyika Konstantinopoli, upande mmoja ulivitoa vitabu hivyo kuwa ushahidi. Askofu Hipatio wa Efeso akajibu kwa swali: ikiwa ni vya mtu wa Areopago, ilikuwaje Athanasio na Kirilo wasivijue? Ndilo swali la mzee wetu wa kanisa. Hata hivyo jina lilishinda. Waalimu wakubwa, kama Maksimo Muungamadini upande wa Mashariki na Thomas Aquinas upande wa Magharibi, walivitumia vitabu hivyo kwa heshima iliyopasa mwanafunzi wa Paulo.

Huko Ufaransa mchanganyiko ulizidi. Mji wa Paris ulimheshimu Dionisio mwingine, askofu aliyeuawa kwa ajili ya imani katika karne ya 3. Mwaka 827 mfalme wa Konstantinopoli alimpelekea Ludoviko, mfalme wa Wafranki, nakala ya vitabu vile. Hilduin, mkuu wa monasteri ya Mtakatifu Dionisio, alivitafsiri kwa Kilatini, akaandika maisha ya mtakatifu huyo akiwaunganisha watu watatu kuwa mmoja: msikilizaji wa Paulo, mwandishi wa vitabu na mfia dini wa Paris. Mwaka 1121 hivi Abelard, akiwa mtawa hapo, alionyesha kwamba Bede alisema Mwareopago alikuwa askofu wa Korintho, wala si wa Athene. Watawa wenzake walikasirika hata akakimbia. Tena Bede mwenyewe alikuwa amekosea, kwa kumchanganya Mwareopago na mjina wake wa Korintho! Hata shahidi wa kuusahihisha mchanganyiko alikuwa amechanganyikiwa.

3. Matengenezo na jina hilo

Lorenzo Valla, aliyefariki mwaka 1457, alikuwa na mashaka juu ya vitabu hivyo, na Erasmus akayaeneza mashaka yake. Mwaka 1520, katika kitabu juu ya Utumwa wa Kibabeli wa Kanisa, Luther alisema wazi kwamba hamthamini Dionisio huyo, yeyote awaye, kwa kuwa ndani yake aliona mawazo ya Plato kuliko ya Kristo. Mwaka 1895 wataalamu wawili Wajerumani, Hugo Koch na Josef Stiglmayr, kila mmoja kwa kazi yake, walionyesha kwamba mwandishi alichota kwa mwanafalsafa Proclus, aliyefariki mwaka 485. Basi hakuweza kuwa mtu wa siku za Paulo.

Tukumbuke kwamba Luther hakukataa kwa sababu ya jina peke yake. Katika dibaji ya Waraka wa Yakobo ya mwaka 1522 alifundisha kwamba lisilomhubiri Kristo si la kimitume, hata likinenwa na Petro au Paulo. Na limhubirilo Kristo ni la kimitume, hata likinenwa na Yuda au Herode. Hata hivyo, kwa kipimo hichohicho alikitendea Kitabu cha Ufunuo kwa ukali mwaka 1522, na mwaka 1530 akaandika dibaji nyingine iliyo ya upole zaidi. Kipimo ni chema, ila mpimaji naye hukosea.

Hitimisho

Historia hii yatufundisha mambo mawili. Kwanza, tusitumie jina kubwa kufunika udhaifu wa hoja. Jina la Mwareopago lilitumiwa kuwanyamazisha wenye maswali ya haki, na Abelard alifukuzwa na hasira, si na hoja. Pili, jina likithibitika kuwa si la kweli, kazi yetu haijaisha. Bado yatupasa kukisoma kitabu chenyewe na kuuliza kinamwonyesha Kristo namna gani. Theolojia ya Siri yatukumbusha kwamba Mungu hapatikani kamili katika maneno yetu. Neno hilo lafaa kusikiwa, hata tukisikitika kwamba msalaba umepata nafasi ndogo mno humo.

Yule mzee wa usharika wetu amekwisha kulala katika Bwana, nasi hatukuwahi kurudi kumwambia kwamba aliuliza vema. Kwa hiyo tunawaandikia ninyi, wanafunzi na watumishi wenzetu. Akija mtu baada ya ibada na swali rahisi juu ya mliyoyahubiri, msimwone kuwa msumbufu. Ketini naye, hata kwa siku tatu kama Dionisio wa Aleksandria kule Arsinoe.