Nasaba ya Sultani Ali bin al-Hasan wa Kilwa

Sultani Ali bin al-Hasan ni babu anayetajwa katika nasaba za Washirazi wa Kilwa Kisiwani. Habari zake na za nasaba hizo zimefuatiliwa kwa masimulizi, sarafu na makaburi.

Masimulizi yamo katika tarehe ya Kilwa, iliyochapishwa kwa Kireno na João de Barros mwaka 1552 na kubaki pia katika muswada wa Kiarabu. Humo muasisi wa dola ni Ali, mwana wa mfalme wa Shirazi, aliyekinunua kisiwa kwa nguo zilizotosha kukizunguka.

Sarafu ndogo za shaba zilizookotwa Kilwa zina jina lake upande mmoja na maneno ya kumtegemea Mungu upande wa pili. Pande hizo mbili zina vina. Mwanaakiolojia Neville Chittick alimweka karibu na mwaka 1200. Mwaka 1984 sarafu zaidi ya 2,000 zilifukuliwa Mtambwe Mkuu, Pemba. Za Ali zilikuwamo, pamoja na dinari za kigeni ambazo ya mwisho ni ya mwaka 1066. Utawala wake ukarudishwa nyuma hadi karne ya 11.

Mwaka 2023 ulitangazwa uchunguzi wa vinasaba vya mifupa kutoka makaburi ya kale ya pwani, Kilwa ikiwemo. Ulionyesha kuwa tangu karibu mwaka 1000 wanaume wenye asili ya Uajemi walizaa na wanawake wa Kiafrika. Tarehe ya Kilwa, basi, ilikazia upande wa baba. Anayetafuta nasaba yake pwani hii na aulize pia upande wa mama.