Joto la Nadapal, 1901: nani alipima?

Wasee, ukifungua data ya CRU ya Chuo Kikuu cha East Anglia, Uingereza, Nadapal ina joto la kila mwezi tangu 1901. Hiyo haimaanishi mtu alisimama hapa na kipimajoto. Dunia imekatwa viboksi vya kama kilomita 55 kila upande. Vituo kama Lodwar hutoa tofauti yao na wastani wa 1961–1990, kisha viboksi vinakadiriwa, kituo cha karibu kikisikizwa zaidi. Kukikosekana kituo ndani ya kilomita 1,200, boksi linapewa wastani tu. Yaani mwaka uliochoma wazee wetu unaweza kusomeka wa kawaida. Tudai vituo zaidi Turkana, na rekodi za zamani zilizo kwa makaratasi ziingizwe kwa kompyuta.