Jinsi ya kukokotoa bei ya kipimo kimoja

BEI ndogo si lazima iwe bei nafuu. Mnunuzi anayeagiza mafuta ya kupikia ya Sh40 dukani huenda analipa zaidi kuliko jirani yake aliyetoa Sh300, ila hatambui hivyo kwa sababu viasi walivyonunua havilingani.

Ili kulinganisha bei, sharti kwanza bidhaa zote zipimwe kwa kipimo kimoja. Waswahili wa pwani walifanya hivyo tangu jadi kwa kibaba na pishi, ambapo vibaba vinne hufanya pishi moja. Siku hizi hutumiwa kilo na lita.

Kanuni yenyewe ni nyepesi: gawanya bei kwa kiasi cha bidhaa. Jibu ndilo bei ya kipimo kimoja.

Tuseme lita moja ya mafuta inauzwa Sh300, nusu lita Sh160 na mililita 100 Sh40. Sh160 ukigawanya kwa 0.5 unapata Sh320 kwa lita. Mililita 100 ni sehemu ya kumi ya lita, hivyo Sh40 ukizidisha kwa 10 unapata Sh400 kwa lita.

Familia inayotumia mililita 100 kila siku humaliza lita tatu kwa siku 30. Ikinunua kidogo kidogo italipa Sh1,200, na ikinunua kwa lita italipa Sh900. Tofauti ya Sh300 ni bei ya lita nyingine nzima. Asiyeweza kutoa Sh300 kwa mkupuo mmoja aweza kushirikiana na jirani kununua lita moja na kuigawa.

Hata hivyo, kifurushi kikubwa si nafuu daima. Aidha, kuna bidhaa ambazo bei yake haibadiliki ilhali kiasi kimepunguzwa. Pakiti ya maziwa ya mililita 500 kwa Sh60 ni sawa na Sh120 kwa lita. Ikipunguzwa hadi mililita 450 kwa bei iyo hiyo, lita imepanda hadi takriban Sh133. Hivyo basi, soma kiasi kilichoandikwa kwenye pakiti kabla ya kutazama bei.

Tahadhari zaidi yahitajika sokoni, ambako mahindi na maharagwe hupimwa kwa gorogoro. Mkebe huo hukadiriwa kubeba kilo mbili za mahindi. Ukiuziwa kwa Sh100, kilo ni Sh50. Lakini ukiwa umebonyezwa na kubeba kilo 1.8 pekee, kilo ni karibu Sh56. Sheria ya Mizani na Vipimo, Sura ya 513 ya Sheria za Kenya, inahitaji vifaa vya kupimia bidhaa vikaguliwe na kupigwa muhuri.

Kanuni hii haiishii dukani. Kibarua anayelipwa Sh600 kwa saa nane hupata Sh75 kwa saa. Akiahidiwa Sh700 kwa saa 10, atapata Sh70 kwa saa. Malipo ya siku yameongezeka, lakini thamani ya jasho lake imeshuka.

Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Kwa mnunuzi asiyepiga hesabu, haba na haba hukimwaga.