Sindromu ya Charles Bonnet

Sindromu ya Charles Bonnet ni hali ya mtu mwenye uoni hafifu, au aliyepofuka kabisa, kuona maruweruwe ilhali akili yake ni timamu. Huwapata zaidi wazee, kwani ndio wanaosumbuliwa sana na mtoto wa jicho, presha ya macho na kuchakaa kwa retina, ingawa hata mtoto aliyepoteza uwezo wa kuona anaweza kuipata.

Charles Bonnet, mwanasayansi wa Geneva, aliandika mwaka 1760 habari za babu yake, Charles Lullin. Mzee huyo alikuwa akikaribia miaka 90, macho yamezibwa na mtoto wa jicho, lakini aliona wanaume, wanawake, ndege, magari ya farasi na majengo. Alijua fika kuwa havipo.

Wapo wanaoona michoro mitupu: miraba, kuta za matofali, mistari ya rangi. Wengine huona watu, pengine wadogo mno, wamevaa mavazi ya fahari, au nyuso ngeni zenye macho na meno makubwa kupita kiasi. Hakuna sauti. La kushangaza ni ukali wa picha hizo: mgonjwa asiyeweza kuutambua uso wa mwanawe aliyeketi mbele yake huona waziwazi tarizi ya kofia ya mtu asiyekuwapo.

Chanzo ni ubongo uliokosa taarifa kutoka machoni. Sehemu zake za kuona huanza kujichangamsha zenyewe. Boston, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2004, watu 13 wenye macho mazima walifungwa vitambaa usoni kwa siku 5, na 10 kati yao wakaona maruweruwe.

Dawa mahususi haipo. Kuwasha taa, kupeleka macho kushoto na kulia au kunyoosha mkono kukigusa kinachoonekana huweza kuifuta picha, na upasuaji wa mtoto wa jicho huwaponya baadhi. Anayesikia sauti pia, au anayesadiki anachokiona, achunguzwe maradhi mengine.

Mateso makubwa hutokana na ukimya. Wengi huficha, wakichelea kuambiwa wamerukwa na akili au wamepandwa na majini, na mara nyingi kuelezwa tu kwamba si wazimu huwaondolea hofu. Kwa hiyo anayemtibu mtu mwenye uoni hafifu amuulize mwenyewe habari za maruweruwe, asingoje kuambiwa.