Mitishamba na Zahanati Zetu za Murang'a

Wazee wetu walipougua hawakukosa pa kwenda. Alikuwako mundu mugo, mganga wa Wakikuyu, na walikuwako akina mama na wazee waliojua gome la muiri huchemshwa kwa maradhi gani.

Mwaka 1902 mapadre wa Consolata walifika Tuthu, kwa Chifu Karuri, na pamoja na dini ikaja tiba ya Kizungu. Wengi walipona, nasi hatuna budi kushukuru. Lakini mwaka 1925 ilitungwa Sheria ya Uchawi. Ingawa iliwalenga wachawi, machoni pa wageni wengi mganga na mchawi walikuwa kitu kimoja. Basi elimu ya mitishamba ikaanza kujificha.

Baada ya Uhuru mambo yaligeuka. Mwaka 1978 mkutano wa mataifa huko Alma-Ata ulikubali kwamba waganga wa asili nao wana kazi katika huduma ya msingi ya afya. Nayo Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka 2017 ilitambua tiba za asili, ikaagiza uwepo utaratibu wa waganga kupeleka wagonjwa wao hospitalini. Hiyo ni njia ya kwenda. Mitishamba yenyewe bado haijapata njia ya kuingia zahanati.

Wakati huo huo muiri wetu ulisafiri mbali. Gome lililotoka Kenya lilipelekwa Ufaransa kufanywa dawa ya tezi dume. Miti ilichunwa mno, hata kufikia mwaka 1995 mataifa yakaanza kuisimamia biashara hiyo.

Yafaa tulitafakari jambo hili. Ulaya gome hilo hupimwa na kutiwa katika vidonge. Murang'a mgonjwa hulinunua sokoni, akalinywa kwa kukisia. Afikapo zahanati hulificha asije akakemewa, na mhudumu humpa dawa nyingine juu yake pasipo kujua. Hapo ndipo penye hatari.

Hatusemi kila jani ni dawa. Twaomba mitishamba ichunguzwe, iliyo salama iwekewe kipimo na kutolewa zahanati, miche ya muiri ipandwe, na mhudumu amwulize mgonjwa alichokunywa pasipo dharau. Mwacha asili ni mtumwa. Lakini aifuataye hali amefumba macho, naye hujikwaa.