Vunjajungu wa Okidi: Historia ya Mdudu Aliyedhaniwa Kuwa Ua

Miongoni mwa vunjajungu wanaofanana na maua, aliye mashuhuri kuliko wote ni yule wa misitu ya Asia ya Kusini-Mashariki, hasa Malaysia na Indonesia, ambaye kitaalamu huitwa Hymenopus coronatus na kwa kawaida hujulikana kama vunjajungu wa okidi. Mfaransa Guillaume-Antoine Olivier alimwingiza katika maandiko ya sayansi mwaka 1792, lakini kumpa mdudu jina si sawa na kujua anavyoishi, na ujuzi huo wa pili ulichelewa kwa zaidi ya karne moja.

Mwaka 1879 mwandishi James Hingston wa Australia alichapisha kitabu cha safari zake, na humo akasimulia kwamba katika kisiwa cha Java alionyeshwa bustanini okidi nyekundu inayokula wadudu hai, tena akashuhudia kipepeo akinaswa na kufumbatwa na petali zake. Hakuna okidi yenye tabia hiyo. Yamkini alichokiona ni tunutu wa vunjajungu, yaani mdudu mchanga ambaye bado hajaota mabawa, akiwa ametandaza miguu yake ya kati na ya nyuma, ambayo mapaja yake yamepanuka na kuwa bapa mfano wa petali. Kosa hilo linastahili heshima, kwa kuwa liliandikwa na mtu aliyesimama mbele ya mdudu mwenyewe, ilhali wasomi kadhaa waliomfuata waliandika habari za kusikia. Hata mwanasayansi Alfred Russel Wallace, aliyeishi miaka mingi katika visiwa vya eneo hilo, alipomtaja mdudu huyu katika kitabu chake *Darwinism* cha mwaka 1889 alitegemea masimulizi ya mwanasiasa wa Uingereza, Sir Charles Dilke.

Hivyo ndivyo ilivyoenea imani kwamba mdudu huyu hujificha katikati ya okidi, ingawa mtaalamu wa wanyama Nelson Annandale, aliyemchunguza katika Rasi ya Malay na kuchapisha maelezo yake mwaka 1900, hakumkuta kwenye okidi bali kwenye maua ya Melastoma, ambayo ni kichaka cha kawaida cha nchi hiyo. Jibu thabiti lilipatikana mwaka 2014, pale mtafiti James O'Hanlon na wenzake walipoonyesha huko Malaysia kwamba wachavushaji, yaani wadudu wanaobeba chavua kutoka ua hadi ua, humwendea vunjajungu huyu akiwa peke yake, tena mara nyingi kuliko wanavyoliendea ua la kawaida la mahali hapo. Kwa hiyo hajifichi ndani ya ua, bali yeye mwenyewe ndiye ua linaloita mawindo.

Wafugaji nao wamefunua mengi. Tunutu anapoanguliwa huwa mwekundu na mweusi, na hugeuka mweupe au wa waridi baada ya kujivua gamba, yaani kuacha ngozi iliyombana ili akue. Kwa sababu hufanya hivyo akining'inia kichwa chini, kizimba chake sharti kiwe kirefu kwenda juu, chenye joto na unyevu wa kutosha pamoja na hewa inayopita, na kila mmoja akae peke yake, la sivyo watalana. Wadogo hulishwa inzi wa matunda, na wakubwa hupewa wadudu warukao. Ugumu mkubwa uko katika uzazi, kwa maana dume, mwenye urefu wa sentimita 3 hivi, hukomaa mapema sana kuliko jike, anayefikia sentimita 6 au 7, na hata dume aliyetoka katika kifuko kimoja cha mayai na jike huweza kufa kabla jike huyo hajawa tayari. Ndiyo maana wafugaji hodari huwaweka madume penye ubaridi kidogo na kuwapunguzia chakula, huku majike wakipewa joto na shibe.

Afrika Mashariki nayo ina vunjajungu wake wa maua, Pseudocreobotra wahlbergii, mwenye miiba tumboni na alama ya jicho kwenye kila bawa la mbele, ambaye Carl Stål alimwandika mwaka 1871 na kumpa jina la Johan August Wahlberg, mtafiti wa Uswidi aliyeuawa na tembo mwaka 1856. Msomaji atakayemkuta shambani au bustanini asimwondoe, bali aandike tarehe, aina ya ua na wadudu wanaomjia, kwa kuwa kumbukumbu za namna hiyo ndizo zilizokosekana kule Java kwa muda mrefu.